Chakula Kilitandikwa Ng'ambo: Kisa cha Msafara wa Bwawa la Mlimani

Kisa hiki kinahusu watu 12 waliokwenda kuogelea kwenye bwawa la asili chini ya maporomoko, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, mkoani Morogoro. Majina ya watu, kijiji, bwawa na tarehe yameondolewa, na mambo machache yanayoweza kumtambulisha mtu yamebadilishwa. Hakuna aliyekufa. Mmoja alivunjika kifundo cha mkono na kunywa maji, na watatu walikwama ng'ambo ya mto kwa zaidi ya saa tatu na nusu. Saa zote zilizotajwa ni za Kiswahili.

Mahali penyewe

Uluguru ya mashariki inapokea pepo zenye unyevu moja kwa moja kutoka Bahari ya Hindi. Mvua yake hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba ndiyo misimu inayojulikana, lakini kule juu hakuna mwezi ambao mtu anaweza kuapa kwamba ni mkavu. Ndiyo maana vijito vyake havikauki, na ndiyo maana mto Ruvu, unaotegemewa na Dar es Salaam kwa maji, unapata nguvu zake huko.

Bwawa lina urefu wa mita 15 na upana wa mita 10 hivi. Maporomoko yanayoliingia ni ya mita 12. Njia inatoka kijijini, inapanda katikati ya migomba, mikarafuu na midalasini, inavuka mto mara mbili ili kukata kona, kisha inafika bwawani. Kwa mwendo wa kawaida ni saa mbili. Ipo pia njia ya mgongoni, inayopita mashamba ya juu bila kugusa mto hata mara moja. Hiyo inaongeza kama dakika 50, na wageni hawapelekwi huko kwa sababu ni ndefu na haina cha kupiga picha.

Eneo linalokusanya maji ya mto huu ni dogo, kilomita za mraba nne au tano tu, lote mteremko mkali. Mvua ikipiga kileleni, maji yanakuwa bwawani ndani ya nusu saa, na wakati mwingine chini ya hapo. Udongo ukiwa umelowa tangu jana yake, haufyonzi tena, unayapitisha tu.

Ukifika bwawani unakuta pande mbili. Upande wa njia ni ukingo mwembamba, wenye kivuli, majimaji na siafu. Ng'ambo kuna mwamba bapa, mpana kama sebule, unaopigwa na jua mpaka saa tisa. Nyuma ya mwamba huo kuna genge la kwenda juu. Mtu anaweza kupanda mita tano hivi mpaka kwenye kibaraza cha jiwe, lakini hapo ndipo mwisho. Hakuna njia ya kutokea kulia wala kushoto. Mgeni yeyote akifika pale, miguu yake yenyewe inampeleka kwenye ule mwamba wa jua.

Msafara na maandalizi

Wageni walikuwa tisa, wote kutoka Dar es Salaam, umri kati ya miaka 22 na 41. Wanne walijua kuogelea vizuri, watatu kidogo, wawili hawakujua kabisa. Aliwaleta mratibu ambaye alikuwa ameshafika bwawani mara mbili, zote Septemba. Kijijini waliripoti ofisini, wakalipa ada, wakapewa risiti na mwenyeji wa kuwaongoza, mtu mzima aliyezaliwa hapo. Kijana mmoja wa kijiji alikuwa mbebaji.

Ilikuwa Jumamosi ya katikati ya Machi. Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha mlimani. Mwenyeji alisema hivyo waziwazi wakati wa kusalimiana. Mratibu aliuliza kama njia inapitika, akajibiwa inapitika. Swali lilikuwa sahihi kwa njia, si kwa mto.

Vifaa: kamba ya manila (ya nyuzi za mmea) ya mita 15, tochi mbili, sanduku dogo la huduma ya kwanza, taulo, chupa mbili za chai, chapati, mayai ya kuchemsha, ndizi na maji. Hakukuwa na filimbi, boya wala kamba inayoelea. Wageni watano walivaa raba, wanne kandambili. Mwenyeji alikuwa na katambuga zake za tairi, ambazo kwenye mawe yenye utando wa kijani zinashika kuliko raba nyingi za dukani.

Mpango wa awali ulikuwa kuanza kupanda saa 3:30 asubuhi, kufika bwawani saa 5:30, na watu wote wawe nje ya maji ifikapo saa 8 mchana. Saa hiyo aliipanga mwenyeji kwa simu siku mbili kabla, kwa kuwa mvua za msimu ule hupenda kuangukia mlimani alasiri.

Mtiririko wa siku

Kosta iliondoka Dar saa 11 alfajiri. Foleni, kifungua kinywa kilichochukua dakika 50 badala ya 20, na barabara ya vumbi iliyogeuka tope baada ya Morogoro mjini vilikula muda. Walifika kijijini saa 5 kasoro, wakaanza kupanda saa 5:30.

Saa 7:40 mchana wakawa bwawani. Ilibaki dakika 20 tu kabla ya saa ya kutoka. Mratibu akaisogeza mpaka saa 9. Mwenyeji hakukataa, alisema "tutaangalia", na kwa watu wa pale neno hilo si ndiyo. Mratibu alilisikia kama ndiyo.

Kabla ya mtu yeyote kuingia majini, mwenyeji alifanya mambo mawili. La kwanza, alipanga mawe matatu ukingoni, la chini likigusa maji, la juu likiwa kama sentimita 40 juu yake. La pili, alikata mwanzi wa mita tatu, akapima kina chini ya jabali ambalo vijana hupenda kurukia. Mwanzi uligota kwenye jiwe kwa kina cha mita 1.3. Wageni wawili waliokuwa wameshapanda juu ya jabali waliteremshwa. Mmoja alilalamika kwamba kwenye video aliyoiona watu walirukia palepale. Video ilikuwa ya msimu mwingine. Mto ukifurika unasukuma mawe makubwa, na bwawa lililokuwa na kina mwaka jana linaweza kuwa na jiwe la ukubwa wa meza mwaka huu, bila kuonekana kutoka juu.

Chakula kilipelekwa ng'ambo, kwenye mwamba wa jua. Kilikwenda pamoja na taulo, nguo kavu, chupa za chai na sanduku la huduma ya kwanza. Kamba ilibaki upande wa njia, chini kabisa ya begi la mbebaji.

Kufikia saa 8:10, ng'ambo walikuwa mratibu na wageni watano. Upande wa njia walikuwa mwenyeji, mbebaji na wageni wanne, wawili kati yao wakiwa majini. Jua lilikuwa linawaka bwawani. Kileleni kulikuwa na wingu zito, na mwenyeji alikuwa ameshasimama kuliangalia.

Saa 8:20 maji, ambayo tangu asubuhi yalikuwa maangavu, yakaanza kuwa na rangi ya chai ya maziwa pale yanapoangukia. Majani makavu na vijiti vikatokea. Jiwe la chini la alama lilikuwa limezama. Mwenyeji akaita: "Kaka, toa watu. Mto unakuja."

"Si kuna jua hapa?"

"Jua la hapa. Juu kule kumeshanyesha."

Wawili waliokuwa majini wakatoka upande wa njia. Saa 8:24 wageni wawili wa ng'ambo wakavushwa mmoja mmoja kwenye mawe ya kuvukia, pale maji yanapotoka bwawani, mwenyeji akiwashika mkono. Maji yalikuwa chini ya magoti. Wa tatu alirudi kuchukua viatu na begi.

Saa 8:29 jiwe la pili lilizama. Mwenyeji akapaza sauti kwamba sasa basi, waliobaki wapande juu. Ngurumo ya maji ilikuwa imeshakua, na mratibu, mita nane tu kutoka kwake, hakusikia vizuri. Aliona mkono ukipungwa. Akaelewa kuwa wanaitwa. Saa 8:31 akamwambia mgeni wa tatu avuke haraka.

Mgeni alikanyaga jiwe la pili la kuvukia, maji yakiwa katikati ya mapaja, begi mgongoni likiwa limefungwa mkanda wa kiunoni. Akaanguka. Alibebwa mita 20 hivi, akagonga mkono kwenye jiwe, begi likamgeuza kifudifudi, kisha mkondo ukamtupa kwenye mizizi ya mkuyu upande wa njia, akaishika. Mbebaji alikuwa ameshaanza kutafuta kamba begini. Mgeni mmoja aliichukua, akajizungushia kiunoni na kufunga fundo ili aingie kumfuata. Mwenyeji alimvuta nyuma kwa shati, akafungua fundo, akaitupa kamba kutoka mahali palipopita mkuyu kidogo, upande maji yanakokwenda. Mrusho wa kwanza uliishia hewani kwa sababu kamba ilikuwa imejisokota. Wa pili ulifika. Aliyekuwa majini aliishika kwa mkono mzima, akavutwa mpaka ukingoni saa 8:33.

Saa 8:35 jiwe la tatu halikuonekana tena. Baadaye alama ya tope kwenye ukuta wa mwamba ilionyesha kuwa maji yalipanda mita 1.3 juu ya kiwango cha asubuhi. Mwamba wa chakula ulifunikwa. Mratibu na wageni wawili walikuwa wameshapanda kwenye kibaraza, wakiwa wameokoa taulo, chupa moja ya chai na sanduku la huduma ya kwanza. Chapati zilikwenda na mto.

Maamuzi yaliyofuata, na kwa nini

Aliyetolewa majini alikuwa na fahamu, anakohoa sana, anatetemeka. Mgeni mmoja alitaka ainuliwe miguu juu na kukandamizwa tumbo ili "ateme maji". Mwingine, mwenye mafunzo ya huduma ya kwanza, alizuia. Walimlaza kwa ubavu, wakamvua nguo zilizolowa, wakamfunika kanga mbili na shati la mbebaji. Mkono ulifungwa banzi la vijiti viwili kwa vipande vya kanga ya tatu, ukatundikwa shingoni. Sanduku la huduma ya kwanza lilikuwa ng'ambo.

Saa 8:50 msafara ukagawanywa. Mbebaji aliondoka na wageni sita, akiwemo majeruhi, kwa njia ya mgongoni, kwani vile vivuko viwili vya chini vilikuwa vimefurika mto uleule. Mwenyeji alibaki na mgeni mmoja mwenye nguvu, mahali ambapo waliokwama wangeweza kuwaona. Sababu ya kubaki haikuwa kwamba angeweza kuwafikia. Watu waliokwama wasipomwona mtu upande wa pili huanza kujipangia mambo yao.

Kwenye korongo hakuna mtandao. Mbebaji alipata mnara saa 9:30, akampigia mtendaji wa kijiji. Majeruhi alifika kijijini saa 11:20 jioni, akapelekwa hospitali mjini kwa ile kosta.

Ilipofika saa 10 alasiri maji yalikuwa yameshuka, yanakaribia mapaja. Mratibu akaashiria kwamba wanataka kuvuka. Mwenyeji akapishanisha mikono kifuani na kutikisa kichwa. Wakaashiria tena, akakataa tena, safari hii akageuka, akaketi chini, akawapa mgongo. Saa 10:20 wimbi la pili lilishuka, dogo kuliko la kwanza lakini la kutosha kumng'oa mtu. Mvua ya pili ilikuwa imenyesha kileleni, na bwawani halikudondoka hata tone.

Kuanzia hapo alichomeka vijiti kwenye mchanga kila baada ya robo saa ili kujua kasi ya kushuka. Saa 12:05 jioni maji yalikuwa chini ya goti, yameanza kuangaza, na kijiti kilichotupwa kilikwenda polepole kuliko mtu anayetembea. Wakati huo watu sita wa kijiji walikuwa wameshafika na tochi na kamba ndefu. Wanne waliingia, wakajipanga, wakawavusha watatu wale. Walifika kijijini saa 3 kasoro usiku.

Matokeo

Majeruhi alipigwa picha ya mkono, akafungwa plasta, akalazwa usiku mmoja kuangaliwa mapafu. Uangalizi huo si anasa. Mtu aliyevuta maji anaweza kuonekana mzima kwa saa kadhaa kisha pumzi ikabana. Watatu waliokwama walikuwa na baridi na michubuko. Simu nne na begi moja vilipotea.

Wageni waliulizia kichocho. Bwawa la maji baridi yanayokwenda kasi si makazi mazuri ya konokono wanaokibeba. Hatari iko zaidi kwenye vidimbwi vilivyotulia vyenye majani, kama kile kilicho karibu na kivuko cha chini, ambako kundi zima lilinawa miguu. Walishauriwa kupima mkojo na choo baada ya wiki sita hadi nane, maana ukipima mapema mno mayai hayajaanza kuonekana.

Uchambuzi: ukingo

Maelezo ya kwanza yaliyozunguka kijijini na mjini yalilaumu mvua. Mvua mwezi Machi Uluguru si ajali. Kilichogeuza maji yaliyopanda kuwa kisa ni kwamba nusu ya watu walikuwa upande usio na njia ya kutokea. Wangekuwa wote upande wa njia, saa 8:20 ingekuwa mwisho wa kuogelea na mwanzo wa kuvaa viatu, na leo kusingekuwa na cha kuchambua.

Kwa hiyo swali la kwanza kwenye bwawa lolote la korongo ni hili: mto ukijaa sasa hivi, nitatoka bila kuuvuka? Jibu likiwa hapana, mahali hapo unapita, hukai. Unaweza kuogelea, ukafika ng'ambo, ukapiga picha, ukarudi. Chakula, nguo, dawa na wasiojua kuogelea havivuki kamwe. Vitu ndivyo vinavyowashikilia watu. Mgeni wa tatu alichelewa dakika saba kwa sababu ya viatu na begi, na dakika saba zilikuwa tofauti kati ya maji ya chini ya goti na maji ya mapaja.

Kuweka kila kitu mahali pamoja kulileta kioja kingine. Watatu waliokwama walikuwa na taulo, chai na dawa. Tisa waliokuwa salama, akiwemo mwenye mkono uliovunjika, hawakuwa na kitu.

Uchambuzi: saa na anga

Saa ya kutoka majini ilipangwa na anayeujua mlima, ikabadilishwa na aliyechelewa. Kuchelewa hakusogezi mvua mbele. Kundi likifika saa 7:40 na saa ya kutoka ni saa 8, kuna mambo mawili tu ya kuchagua: kuogelea dakika 20, au kutopanda kabisa na kula chakula kijijini. Chaguo la pili linauma, hasa watu wakiwa wameshalipa nauli, na hapo ndipo mratibu anapopaswa kuwa amesema tangu Dar kwamba safari inaweza kuishia kijijini.

Mratibu pia alikuwa na ujuzi wa Septemba. Mara zote mbili mto ulikuwa mpole, na kumbukumbu hiyo ilimpa imani ambayo Machi haikuistahili.

Kuhusu jua: anga ya bwawani haisemi lolote juu ya mto. Linaloamua ni anga ya kileleni, ambayo kutoka chini ya korongo mara nyingi huioni. Septemba 2019 watu saba, akiwemo mwongozaji wa pale, walikufa kwenye korongo la Hell's Gate karibu na Naivasha, Kenya, maji ya mvua yalipowashukia ghafla. Mwaka 2012 kundi la vijana wa kanisa lilikuwa limepoteza wenzao katika korongo hilohilo. Kuta za korongo zinakuficha wingu, kisha zinakunyima pa kukimbilia.

Dalili zilijitokeza kwa mpangilio wake wa kawaida: rangi kwanza, majani na vijiti pili, kiwango tatu, sauti nne. Harufu ya udongo mbichi hutangulia mara nyingine. Kutoka rangi kubadilika hadi kuvuka kuwa hatari zilipita kama dakika tisa. Anayesubiri kusikia ngurumo ameshazimaliza. Mawe matatu ya mwenyeji hayakugharimu chochote na ndiyo yaliyompa uhakika. Jicho peke yake linadanganywa na maji yanayopanda polepole.

Uchambuzi: kuvuka

Maji yakienda kasi maradufu, msukumo wake unakuwa mara nne. Hivyo maji yaliyokuwa mepesi saa 7:40 si maji yaleyale saa 8:31, hata kama kina kingelingana. Vipimo viwili alivyotumia mwenyeji jioni vinatosha: yasizidi goti, na kijiti kisikimbie kuliko mtu anayetembea. Kimoja kikishindwa, huvuki. Maji yakiwa na tope huoni pa kukanyaga, na hilo peke yake linatosha kukuzuia.

Namna ya kuvuka ilionekana vizuri jioni. Wanne walisimama kwa kushikana mabega, uso ukielekea maji yanakotoka, mzito akiwa mbele, wakisogea kando hatua fupi, mguu mmoja ukisubiri mwingine ushike. Mikanda ya kiunoni na kifuani ya begi hufunguliwa kabla, ili begi liachwe likileta shida. Begi lililofungwa lilimgeuza mgeni kifudifudi na kumnywesha maji mengi kuliko mto wenyewe ungemnywesha.

Ukishaangushwa, usijaribu kusimama kwenye maji ya kasi yanayopita goti. Mguu ukinasa kati ya mawe, mkondo utakulaza na kukuzamisha kwenye kina ambacho mtoto angesimama. Lala chali, miguu mbele ukielekea maji yanakokwenda, piga mikono kuelekea ukingoni. Mti ulioanguka katikati ya mto ukwepe kwa nguvu zote, kwa maana maji yanapita matawini lakini mtu habanduki.

Uchambuzi: kamba

Kumfunga mwokoaji kamba kiunoni kunaonekana kama busara, na ndilo kosa linaloweza kuongeza maiti ya pili. Kamba ikikaza, mkondo unamzamisha aliyefungwa na walioko ukingoni hawawezi kuilegeza. Kamba mtoni inashikwa, haifungwi. Anayeirusha naye haizungushi kiganjani. Anasimama mbele kidogo ya majeruhi, upande maji yanakokwenda, miguu imetanuka au ameketi, ili aliyeshika azungushwe na mkondo wenyewe mpaka ukingoni.

Manila ya mita 15 ilitosha kwa bahati. Ikilowa inazama. Inayofaa ni kamba ya plastiki inayoelea, milimita 8 hadi 10, mita 25 au 30, iliyoshindiliwa ovyo ndani ya mfuko wa kitambaa ili itoke bila kujisokota. Ukiikunja vizuri kwa mizunguko itakufanyia kama ilivyofanya siku ile. Kidumu cha lita tano chenye maji kidogo ya kukipa uzito, kizibo kimekazwa, kikifungwa mwishoni, kinarushika mbali na kinamwelesha anayekishika. Mahali pake ni mkononi mwa mtu aliye ukingoni, tangu mwogeleaji wa kwanza anapoingia.

Uchambuzi: ishara

Mkono uliopungwa ulimaanisha "kaeni" kwa mmoja na "njooni" kwa mwingine. Kwenye maporomoko sauti haifiki mita kumi. Ishara tatu zinatosha, zikikubaliwa kabla ya kuingia majini: mikono iliyopishana kifuani ni kaa ulipo, mkono ulionyooshwa juu ni panda, filimbi mara tatu ni wote nje. Mwenyeji alipofika kwenye ishara ya kugeuka na kuketi, aliigundua mwenyewe, na ilieleweka kuliko zote.

Uchambuzi: aliyekunywa maji

Kuinua miguu na kukandamiza tumbo hakutoi maji mapafuni. Kunatoa ya tumboni, ambayo yanaweza kuingia njia ya hewa. Anayepumua analazwa kwa ubavu na kupashwa joto. Angekuwa hapumui, kazi ingekuwa pumzi tano za kumpulizia kwanza, kisha mikandamizo 30 ya kifua kwa pumzi mbili, bila kukoma. Aliyezama ameishiwa hewa, ndiyo maana pumzi zinatangulia. Namba 114 ya Zimamoto na Uokoaji ipigwe mtandao unapopatikana, lakini hakuna gari litakalofika korongoni ndani ya dakika hizo.

Kilichofanya kazi

Mwanzi wa kupimia kina pengine uliokoa shingo ya mtu, na hakuna aliyeushukuru. Kukataa kuvuka saa 10 ulikuwa uamuzi bora wa siku nzima, uliofanywa na mtu anayelipwa kidogo kuliko wote dhidi ya matakwa ya anayemlipa. Njia ya mgongoni iliepusha vivuko viwili. Ilijulikana kwa sababu mbebaji hulima huko.

Udhaifu mmoja upande wa mwenyeji ni ile "tutaangalia". Kwa mgeni wa mjini neno la heshima halitoshi. Tangu hapo kijiji kimeweka sharti kwamba saa ya kutoka majini inaandikwa kwenye risiti, na mwenyeji ndiye mwenye kauli ya mwisho. Jiwe la juu la alama limepakwa rangi nyeupe. Jamvi la chakula sasa hutandikwa upande wa njia, hatua 60 juu ya maji, palepale penye kivuli na siafu, na wageni wanalalamika.